Mtu wa Tanga Anaijua Foleni ya Ubungo

Mtu wa Tanga anaijua foleni ya Ubungo. Anajua kwamba bonde la Jangwani likijaa maji mabasi ya mwendokasi husimama, na anajua wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka mwaka 2023 walikuwa wanalalamikia nini. Dar es Salaam kwenyewe hajafika tangu alipokwenda kumwoza binti yake, lakini habari zake anazo kiganjani. Kaa naye jioni kwenye baraza la kahawa pale Ngamiani, barabara yoyote kati ya zile zinazoitwa kwa namba, umsikilize anavyochambua. Kisha muulize Baraza la Madiwani la Jiji la Tanga lilikaa lini mara ya mwisho, na liliamua nini kuhusu soko analonunulia samaki. Atapuliza kikombe chake, atanyamaza kidogo, atasema: "Hayo wanayajua wenyewe."

Wenyewe ni nani? Yeye ndiye mwenyewe. Ushuru analipa, kura anapiga, kaburi la baba yake liko hapa na wajukuu wake wanasoma hapa. Lakini jioni zake zote, miaka nenda miaka rudi, amekuwa akitazama mji wa watu wengine, na polepole, bila mtu kumfundisha, amezoea kuamini kwamba mambo yenye maana hutokea kwingine. Kilichotundikwa ukutani pale barazani kinamwambia hivyo kila usiku saa mbili.

Ndiyo maana nasema Tanga inahitaji televisheni yake. Nimelisema hili barazani mara nyingi, na wapo walionijibu kwamba jiji lina mahitaji makubwa zaidi: maji, barabara, dawa katika hospitali ya Bombo. Ni kweli. Nami naitaka televisheni kwa ajili ya hayo hayo maji, hizo barabara na hizo dawa.

Hebu tuhesabu Tanga huonekana lini kwenye televisheni za taifa. Huonekana anapokuja kiongozi mkubwa. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru mkoa huu, wiki nzima tulikuwa kwenye vioo vya nchi nzima: Handeni, Lushoto, Korogwe, Pangani, Muheza, jijini. Ziara ikaisha, magari ya matangazo yakakunja nyaya zake yakarudi barabara ya Segera. Huonekana pia panapotokea msiba, basi likipinduka au mafuriko yakikata barabara. Na huonekana Coastal Union inapocheza Mkwakwani na moja ya timu mbili za Kariakoo. Katikati ya hapo kuna siku nyingi sana za kawaida, na siku za kawaida ndizo maisha yenyewe. Mji unaoonekana siku ya mgeni na siku ya msiba tu hauna picha yake kamili, hata machoni pa wakazi wake.

Nilijifunza hili mapema. Miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa mwandishi wa mkoani wa chombo kimoja cha Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa hivi: unapiga picha, unaandika maelezo kwa mkono, kaseti unaifunga kwenye bahasha unampa kondakta wa basi la asubuhi. Kilomita zipatazo 350. Ukibahatika jioni unasikia sauti ya mtu mwingine ikisoma maneno yako. Malipo yalikuwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa hasara yako, na nauli yako, na kaseti yako.

Siku moja nilikwenda kijiji kimoja cha mwambao ambako watoto walikuwa wakivuka hori kwa mtumbwi kwenda shule. Maji yakipwa walitembea kwenye tope hadi magotini, sare wamezikunja kichwani. Maji yakijaa walipanda mtumbwi uliokuwa ukivuja, mmoja wao akiwa na kata ya kuchotea maji. Nilipiga picha asubuhi nzima. Nilikuwa kijana, nikadhani nimebeba habari itakayotikisa nchi. Siku ya tatu nilipiga simu kuuliza. Mhariri alinijibu kwa upole, wala hakuwa mtu mbaya: picha ni nzuri, lakini hakuna kiongozi ndani yake. Nipeleke tena akienda mkuu wa wilaya.

Kwa miaka mingi nilimchukia mhariri yule. Sasa namwelewa. Alikuwa na dakika 30 za taarifa kwa nchi nzima, na mikoa yote ikimpelekea bahasha. Hata angekuwa malaika asingewatosheleza watoto wa hori moja la Tanga. Televisheni ya taifa zima haiwezi kuwa na jicho la kila kijiji, na kuilaumu kwa hilo ni kumlaumu msikiti mkuu wa Ijumaa kwa kuwa mbali na nyumba yako. Ndiyo maana kila mtaa ukajenga msikiti wake.

Sisi watu wa mwambao tuna historia ya pekee na chombo hiki. Televisheni ya kwanza katika Tanzania haikuanzia Bara. Ilianza Zanzibar, ikawa na picha za rangi tangu mwanzo, miaka ya sabini, wakati serikali ya Mwalimu upande wa Bara ikiona ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuimudu. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV na DTV zilipoanza. Nakumbuka milingoti iliyosimamishwa juu ya mabati ya mji huu kabla ya hapo, antena zikielekezwa baharini, upande wa Visiwani, na mtu amepanda juu ya paa anauliza, "Imekuja? Imekuja?" huku wa ndani wanajibu, "Rudisha kidogo!" Picha ilikuwa na chenga tupu, lakini tulikaa kuitazama. Tuliokulia hapa tulianza kuiona televisheni kama kitu cha ng'ambo ya maji, na nadhani mazoea yale hayajatutoka.

Kisha likaja agizo la kuzima mitambo ya analojia. Dar es Salaam ilizimwa mwisho wa Desemba 2012, na Tanga pamoja na Dodoma zikafuata tarehe 31 Januari 2013. Televisheni za zamani zikawa makabati mpaka mtu anunue king'amuzi. Tuliambiwa, na ni kweli kitaalamu, kwamba mtambo mmoja wa dijitali unabeba chaneli nyingi pale ambapo wa zamani ulibeba moja. Nafasi ikapatikana. Wa Tanga akabonyeza rimoti yake akakuta chaneli nyingi kuliko vidole, na karibu zote studio zake ziko mji mmoja, ule ule wa foleni ya Ubungo.

Haikuandikwa popote kwamba iwe hivyo. Star TV ilizaliwa Mwanza, ikaonyesha kwamba taarifa ya habari inaweza kusomwa kando ya Ziwa Victoria na nchi nzima ikasikiliza. Morogoro wana Abood. Na Tanga yenyewe jambo hili si geni kwake: jina la TaTV tunalijua, televisheni iliyoanzishwa chini ya Halmashauri. Walioifanyia kazi nawaheshimu, maana najua ugumu wa kurusha matangazo kwa vifaa haba. Ninachokitaka ni hatua ya mbele ya hapo, na nitaieleza.

Lakini kwanza turudi nyuma zaidi, maana wapo wanaodhani mji wa mkoani kuwa na chombo chake ni ndoto ya kisasa. Mwanzoni mwa karne iliyopita Tanga ilikuwa na gazeti la Kiswahili lililochapwa hapa hapa, katika skuli ya serikali ya Kijerumani, kwenye kiwanda cha chapa ambako wanafunzi walijifunza kazi hiyo. Liliitwa Kiongozi. Lilisomwa mbali, na barua na habari zikaletwa na walimu, makarani na wasomaji wa miji mingine. Magila, huko Muheza, wamisionari wa UMCA walikuwa na Habari za Mwezi tangu miaka ya 1890. Fikiria hilo: reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, haijafika hata Moshi, na tayari mkoa huu unachapa habari zake kwa lugha yake, na miji mingine inatusoma sisi.

Tanga ilikuwa mdomo; leo ni sikio tu.

Na Kiongozi linatufundisha jambo la pili, chungu zaidi. Lilikuwa gazeti la watawala, likaiona nchi kwa jicho la watawala. Herufi zilipangwa na vijana wa Tanga, lugha ilikuwa ya Tanga, lakini mwenye kalamu ya mwisho alikuwa mwingine. Chombo kuwa karibu na watu hakutoshi kukifanya kiwe chao.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nataka televisheni ya jiji, sitaki televisheni ya halmashauri. Mtu akisikia haraka anaweza kudhani ni kitu kimoja. Mwandishi ambaye mshahara wake unasainiwa na mkurugenzi wa jiji hawezi kumuuliza mkurugenzi wa jiji kwa nini mtaro wa Mikanjuni umechimbwa ukaachwa. Hata akiwa jasiri, mke wake atamkataza. Tutaishia kupata kila jioni picha za mheshimiwa akikagua, mheshimiwa akipokea, mheshimiwa akisisitiza, na mzee wetu wa Ngamiani atabadilisha chaneli arudi Ubungo.

Tanga ina mji dada huko Marekani, Toledo katika jimbo la Ohio. Wajumbe wamekwenda na kurudi, picha zimepigwa. Katika sensa ya 2020 Toledo ilikuwa na watu 270,871. Tanga Jiji, kwa sensa yetu ya 2022, ina watu 393,429. Sisi ni wengi kuliko wao. Toledo ina televisheni yake ya umma, WGTE, na haiko mikononi mwa ofisi ya meya. Inamilikiwa na taasisi ya kijamii ya eneo lile, ina bodi ya wadhamini, na sehemu ya fedha zake hutoka kwa watazamaji wenyewe wanaochanga. Meya anaweza kuhojiwa humo. Hawezi kumfukuza anayemhoji. Wajumbe wetu wakienda tena, naomba waende wakaone hilo.

Wakiwa huko watajifunza pia ubaya wa kutegemea mkono mmoja. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma nchini mwao, na vituo vidogo vikatikisika. Vyenye wachangiaji wengi wa nyumbani viliumia kidogo kuliko vile vilivyokuwa vikisubiri fungu la serikali kuu.

Wala sihitaji kwenda Ohio kutafuta mfano. Pangani, mwendo wa kilomita hamsini hivi kutoka hapa, kuna redio ya jamii, Pangani FM, iliyokua pamoja na kazi za shirika la UZIKWASA. Vipindi vyake hufuata watu vijijini, mvuvi na mama wa kijijini wakazungumza wenyewe kwa lafudhi yao, wakamtaja kiongozi wao mbele yake na kiongozi akajibu. Mji mdogo kama Pangani umeweza kwa sauti. Jiji lenye kata 27 linashindwaje kwa picha?

Sasa niulizwe: itaonyesha nini? Swali hili ndilo hunipa raha kulijibu.

Ianze na ukumbi wa Baraza la Madiwani. Mikutano ya baraza kisheria ni ya wazi. Raia anaruhusiwa kuingia akasikiliza. Ni wangapi huingia? Mama lishe wa Mgandini ataacha sufuria lake saa nne asubuhi akakae ukumbini? Basi ukumbi umfuate. Weka kamera, usikate, usipambe, onyesha mkutano wote tangu dua hadi kufunga, urudie usiku kwa ambao mchana walikuwa kazini. Kwa mara ya kwanza mtu wa Duga atamwona diwani wake akizungumza, au akikaa kimya mkutano mzima. Diwani anayefanya kazi hatapoteza chochote. Nina hakika mahudhurio yatabadilika katika mwezi wa kwanza.

Kisha bahari. Taarifa ya hali ya hewa ya taifa hututajia Tanga kwa namba moja ya joto na picha ya wingu. Mvuvi wa Deep Sea, wa Sahare, wa Kigombe anataka kujua kitu kingine: maji yanajaa saa ngapi, ni bamvua au maji mafu, upepo kwenye mkondo wa Pemba ukoje, kusi imetulia au bado. Anataka kuyajua saa kumi alfajiri kabla hajashusha chombo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mwambao mzima, Tanga ikiwemo. Tahadhari ile ilihitaji mtu wa kuitafsiri kwa pwani hii: ngalawa za upande gani zipandishwe, nani asilale kisiwani usiku ule. Kazi hiyo hufanywa na anayejua majina ya visiwa na majina ya manahodha.

Na ziko habari za bahari ambazo tumeziacha kwa wageni. Kwenye maji ya Tanga anaishi silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wetu walianza kumtoa kwenye majarife yao mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Watafiti wa Aquamarine Fukushima wa Japani walikuja na vyombo vyao wakampiga picha akiwa hai huko kilindini. Mtoto wa Kigombe, ambaye babu yake huenda alimshika samaki yule kwa mikono, amemwona wapi akiogelea? Muulizeni. Na uvuvi wa baruti, uliovunjavunja matumbawe yetu kwa miongo, mlio wake ulisikika hadi majumbani. Je, ni mara ngapi ulisikika kwenye taarifa ya habari ya saa mbili?

Sijagusa muziki, na hapa moyo wangu huuma. Tanga ya miaka ya sitini na sabini ilikuwa kisima. Black Star na Lucky Star ziliigeuza taarabu ya pwani yote, sauti ya Bi Shakila ikatoka hapa ikavuka mipaka. Atomic Jazz ilikuwa yetu, Jamhuri Jazz ilikuwa yetu, na ndani ya Jamhuri walianzia ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, ambao baadaye Kenya iliwajua kwa jina la Simba Wanyika. Sauti zao zimebaki kwenye santuri zilizotolewa na wafanyabiashara wa Kenya na kwenye kanda za Redio Tanzania huko Dar es Salaam. Picha zao za kutembea, wakiwa jukwaani kwenye mji uliowazaa, ziko wapi? Bi Shakila alifariki Agosti 2016. Wapo bado wazee wapigaji, wapo wapambe na makungwi, wapo mafundi wa majahazi, na kila mwezi tunazika mmoja. Televisheni ya Tanga ingekuwa na kamera moja ambayo kazi yake ni kuwafuata hawa tu, hata kipindi kisipotoka mwaka huu.

Miaka ya 2000 mwanzoni vijana wawili wa Wagosi wa Kaya waliimba Tanga Kunani, wakauliza mji huu umekumbwa na nini. Nchi nzima ilicheza wimbo ule. Swali lao lilistahili kujibiwa kwa mjadala wa mji wenyewe, wenye viwanda, wenye mashamba ya mkonge, wafanyakazi wa bandari na reli wakikaa meza moja. Mjadala huo haukuwa na pa kukaa.

Michezo nitaisema kwa ufupi. Ligi Kuu ina mwenyewe: mwaka 2021 Azam iliingia mkataba wa miaka kumi na TFF wa shilingi bilioni 225.6, na Coastal Union, mabingwa wa mwaka 1988, tutaendelea kuiona kwa king'amuzi chao. Lakini African Sports, Wana Kimanumanu, timu ya tangu 1936? UMISSETA? Bonanza za mitaa, mashindano ya ngalawa, mabinti wa netiboli wa Usagara? Uwanja mzima hujaa kwa mechi ya mtaa na hakuna hata picha moja itakayobaki.

Nchi imeutazama mji huu kwa jicho jipya miaka hii. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Bandari imechimbwa kina na kujengewa gati ambako meli kubwa hutia nanga bila kushusha mizigo kwenye matishari katikati ya maji. Haya ni mambo makubwa, na kila jambo kubwa lina maswali madogo: fidia ya mnazi ilihesabiwaje, mafunzo ya uchomeleaji yanatolewa wapi, zabuni ya chakula cha wafanyakazi ilitangazwa lini. Kijana wa Pongwe husikia juu ya nafasi baada ya nafasi kufungwa. Habari ilipita juu ya kichwa chake ikaenda Dar es Salaam, ikarudi ikiwa imechelewa.

Kuchelewa huko kuna hatari nyingine. Februari 2015 milio ya risasi iliposikika upande wa Mapango ya Amboni, vyombo vya dola vikikabiliana na watu wenye silaha, mji uliishi siku kadhaa kwa uvumi. Kila simu ilikuwa na habari yake, kila habari ilikuwa na idadi yake ya waliokufa. Watu walimtafuta mtu wa kumwamini, mwenye sura wanayoijua, anayesimama umbali salama na kusema: hili limethibitishwa, lile bado, watoto wapelekeni shule au msiwapeleke. Hakuwepo. Imani kama hiyo haijengwi siku ya risasi. Hujengwa miaka kumi kabla, kwa taarifa za bei ya dagaa na ratiba za maji.

Vijana huniambia: baba, mbona simu ipo? Yeyote mwenye bando ni televisheni. Ninawaheshimu wanaofanya kazi mtandaoni mkoani hapa, maana wameziba pengo kwa mifuko yao, na kanuni za 2018 ziliwataka walipe hadi shilingi milioni moja ya leseni kwa mwaka, fedha ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kwa pamoja. Lakini anayeishi kwa idadi ya waliobonyeza atakwenda kwenye fumanizi kabla ya kwenda kwenye kikao cha bajeti. Hana anayemlazimisha kuhudhuria. Televisheni ya jiji ni zamu: kuna mtu jina lake limeandikwa ubaoni kwamba Jumanne yuko mahakamani, Jumatano Bombo, Alhamisi Chongoleani, iwe kuna kioja au hakuna. Kisha simu ni ya mtu mmoja na vipokea sauti vyake, na ya barazani hutazamwa na kumi wakabishana papo hapo. Itumie mtandao pia, bila shaka, iwafikie wana Tanga walioko Mombasa na Muscat. Mtandao uwe dirisha lake. Nyumba ijengwe kwanza.

London nao walijaribu. London Live, televisheni ya mji ule, ilianza Machi 2014, ikafungwa Januari 2025. Mji tajiri kiasi kile! Wanaopinga hoja yangu hunitajia mfano huo, nami naupokea. Kituo kile kilijaza saa zake nyingi kwa filamu za zamani ambazo mtu angezipata popote. Tukianzisha televisheni ya Tanga halafu tukaijaza tamthilia za Kituruki na miziki ya video kutoka kwingine, itakufa, na itastahili. Heri saa tatu kwa siku zilizo zetu kuliko ishirini na nne za kuazima.

Fedha, basi. Studio ya leo si jengo la ghorofa. Ni chumba chenye ubaridi, kamera chache, kompyuta mbili na watu wanaojua kazi, na kurusha hufanywa na kampuni za mitambo zilizokwisha kuwapo. TCRA hutoa leseni za ngazi ya mkoa, wilaya na jamii, hivyo sheria haitulazimishi kuwa wakubwa. Halmashauri itenge sehemu ndogo ya ushuru wa huduma kila mwaka, iiweke kwenye mfuko wa wadhamini kisha iondoe mkono. Viwanda vya saruji, vya maziwa, bandari, wenye mabasi, wenye mahoteli watangaze humo, maana wateja wao wako hapa. Vikundi vya vijana vinavyokopa kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri viruhusiwe kununua kamera kama wengine wanavyonunua bajaji, na kituo kinunue vipindi kwao kwa bei ya haki, kilipe kwa wakati. Hili la kulipa kwa wakati nalisisitiza. Nimeishi kwa bahasha ya basi, najua mwandishi mwenye njaa huandika nini.

Wadhamini wenyewe wawe nani? Mmoja kutoka chama cha wavuvi, mmoja wa wafanyabiashara wa soko, walimu, madaktari, wanawake wa vikoba, shekhe na padri, mwanasheria, kijana aliyemaliza chuo. Viongozi wa vyama vya siasa wasiwemo, wa chama chochote. Wakae kwa muda maalumu na hesabu zao zisomwe hewani, kwenye kituo hicho hicho.

Waheshimiwa madiwani, hili liko mikononi mwenu na halihitaji kusubiri mfuko, leseni wala wadhamini. Mkutano wenu ujao wa robo mwaka, wekeni kamera moja na kipaza sauti kimoja ukumbini. Mkutano urushwe wote, tangu dua hadi kufunga, na kwenye baraza za kahawa za Ngamiani na Makorora wawashe saa hiyo. Wenyewe tuko tayari kutazama.